Maswali ya Wasomaji: Pesa za Ardhi na Nyumba za Kikundi

Swali: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 42, wote wapangaji. Tunataka kununua shamba nje kidogo ya mji, tugawane viwanja na kujenga taratibu. Tumeonyeshwa ekari 3. Mwenyekiti anashauri yaandikwe jina lake ili mambo yaende haraka. Tuombe ufadhili wapi? *Mwanakikundi, Mbagala*

Jibu: Ndugu mwanakikundi, hilo la jina la mwenyekiti liacheni leo. Akifariki, warithi wake watadai shamba. Akikopa na deni likamshinda, shamba litauzwa. Na mfadhili yeyote makini akiona mkataba wa mauziano una jina la mtu mmoja, mazungumzo yanaishia hapo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawatambua kama kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kwa kumiliki ardhi na kujenga, sajilini chama cha ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Anzieni kwa afisa ushirika wa halmashauri. Atawaongoza kuandaa masharti ya chama na kutuma maombi Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia MUVU, mfumo wa mtandaoni wa kusajili na kusimamia vyama vya ushirika. Ushirika ukishasajiliwa unakuwa mtu kisheria: unanunua, unamiliki, unashtaki na kushtakiwa kwa jina lake.

Sasa ukubwa wa eneo. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Barabara na maeneo ya wazi humega karibu asilimia 30, hivyo mnabaki na kama 2,800. Mkiamua kila kiwanja kiwe mita za mraba 300, ekari moja inatoa viwanja 9. Watu 42 mnahitaji ekari 4 na nusu hadi 5. Mkinunua 3, watu 15 hivi watakosa viwanja huku wamechangia sawa na wenzao, na hapo ndipo vikundi vingi huvunjika.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, nendeni idara ya ardhi ya halmashauri muulize mambo mawili: nani anatambulika kuwa mmiliki, na mchoro wa mipango miji unasema eneo ni la nini. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana. Hauonyeshi kama shamba limepangiwa shule au barabara. Mpima aliyesajiliwa aonyeshe mipaka majirani wote wakiwepo, wasaini. Lipeni kwa awamu kupitia benki, na awamu ya mwisho isubiri nyaraka zote zikabidhiwe.

Mfano mnao jirani. Chamazi, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliunda ushirika, wakanunua ekari 30 kwa pamoja, wakajenga nyumba za kuanzia zinazoongezwa vyumba kadiri mwenye nyumba anavyopata. Shirika lisilo la kiserikali la CCI (Centre for Community Initiatives) na shirikisho la vikundi vya akiba waliwaunga mkono. Kuhusu ufadhili, mashirika ya namna hiyo huomba kwanza daftari la akiba, muhtasari wa mikutano na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Vitu hivyo mnaweza kuviandaa mwezi huu.

Swali: Taasisi moja inanipa milioni 5 za kumalizia nyumba, riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka 3. Nyingine inasema hiyo hiyo 18, lakini rejesho la mwezi ni tofauti sana. Nani ananidanganya? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Huenda hakuna anayedanganya, ila wanapiga hesabu tofauti. Riba ikihesabiwa kwenye deni lililobaki, utalipa kama 180,800 kwa mwezi, jumla milioni 6.5. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, ni kama 213,900 kwa mwezi, jumla milioni 7.7. Tofauti ni zaidi ya milioni 1.1, bei ya mabati ya watu wengi. Dai jedwali la marejesho lililoandikwa, liwe na ada na bima ndani yake, kabla ya kusaini. Na usiende TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) ukitarajia mkopo: kampuni hiyo, iliyoanzishwa 2010, inakopesha benki ili benki ziweze kutoa mikopo ya nyumba ya muda mrefu.

Swali: Tunaweza kujengea nyumba zetu kwa mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri? *Kikundi cha akina mama, Kibaha*

Jibu: Hapana, akina mama. Fedha hizo, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hazina riba, na zinagawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini ni za shughuli inayozalisha. Andikeni mradi wa kufyatua tofali: mnauza, mnarejesha, na faida inajenga. Anayewapokea ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kwenye andiko msidanganye hesabu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35 za inchi 6. Wanaotoa 50 na kuendelea wanauza mchanga. Kona zinamomonyoka kwenye gari, na mteja harudi. Ziwekeni kivulini, mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku 7, na msiziuze zikiwa mbichi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za urefu wa mita 3 kinakula kama tofali 300, mlango na dirisha vikishatolewa.

Swali: Mtaa wetu mpya hauna maji wala kalavati. Mfuko wa jimbo unasaidia? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Unasaidia, maana mfuko huo wa mwaka 2009 ni wa miradi ya jamii, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ombi lipitishwe na mkutano wa mtaa, muhtasari upelekwe kamati ya maendeleo ya kata, ukiambatana na makadirio ya mhandisi na orodha ya nguvu za wananchi: mawe, mchanga, kuchimba mtaro. Kalavati likizidi uwezo wa mfuko, muhtasari huo huo uombe liingizwe kwenye bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo itisheni mkutano wa mtaa kabla ya Novemba.