Usirudishe magauni kabla hujapiga picha ya ndani ya shingo

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Jumamosi unapiga picha magauni 80 yakiwa juu ya mdoli wa nguo, Jumapili unamrudishia mwenye duka, halafu wiki ijayo utakaa utulie umfute mdoli kwenye kompyuta libaki gauni peke yake. Ukaulizia na kamera. Usiyarudishe! Ukiyarudisha, umeyapiga bure.

Litazame gauni likiwa kwenye mdoli. Shingoni, mbele pameshuka na nyuma pamepanda. Hapo katikati ndipo ionekane bitana ya mgongoni, mshono na lebo, lakini shingo ya mdoli imepaziba. Ukimfuta mdoli linabaki tundu jeupe, umbo la mwezi mwandamo, na gauni linaonekana kama limekatwa kwa mkasi. Wanaofundisha kwenye video kwamba "bonyeza hapa, mdoli anapotea" wametutia hasara wengi, na mimi nimo. Wanachagua nguo ya shingo ya juu iliyobana, isiyoonyesha ndani. Hawakwambii kuwa kwenye shingo iliyo wazi programu inajaza kwa kukisia: inabuni bitana isiyokuwepo, mara lebo yenye herufi zisizosomeka. Mteja akipokea nguo isiyofanana na picha, anairudisha.

Kila gauni lina picha mbili, na zinafuatana. Piga ya kwanza likiwa limevalishwa. Livue, ligeuze ndani nje, lirudishe kwenye mdoli mgongo ukiangalia kamera, piga ya pili. Kati ya hizo mbili kisiguswe kitu: stendi, taa, umbali, urefu. Kamera ikae usawa wa kifua cha mdoli, umbali wa mita 2 hivi, na kama ni simu tumia lenzi ya 2x, maana ile pana inavimbisha kifua na kufupisha pindo. Bandika alama ya selotepu sakafuni, pale kitako cha stendi ya mdoli kinapokaa.

Halafu funga mwanga. Kwenye simu nyingi unabonyeza kioo kwa muda mpaka kifuli kitokee. Kwenye kamera weka rangi ya mwanga (white balance) kwenye namba moja, 5500K kwa flashi, usiiache ijichagulie. Ikijichagulia, ikiona bitana nyeupe inabadilika: gauni linatoka la njano kidogo, shingo inatoka ya bluu. Ukiziunganisha, bitana inaonekana ya nguo nyingine kabisa.

Na si shingo tu. Gauni lisilo na mikono linaonyesha ndani ya kwapa. Lililo fupi mbele na refu nyuma linaonyesha ndani ya pindo. Popote lenzi inapochungulia ndani, panataka picha yake.

Gauni likipwaya, libane kwa vibanio mgongoni, chini ya mabega. Ukibana juu unavuta shingo na picha mbili hazitalingana.

Kuunganisha kwenye kompyuta ni kuweka picha ya pili nyuma ya ile ya kwanza iliyofutwa mdoli, ionekane kupitia lile tundu, ukilinganisha mishono ya mabega. Kisha paka kivuli laini juu ya bitana, chini kidogo ya ukingo wa shingo ya mbele, uzito wa asilimia 20 hadi 30. Bila kivuli hicho bitana inakaa kama karatasi iliyogundishwa.

Kamera uliyoulizia, achana nayo, simu inatosha. Magauni 80 ni picha 160 kwa uchache. Jumamosi moja ikikuzidi, mwombe mwenye duka akuachie mzigo hadi Jumatatu.