Jibu: Stendi ya laptopu inacheza kwenye njia mbovu

Habari ndugu. Umesema stendi ya laptopu uliyojitengenezea ndani ya gari inatulia kwenye lami, ila ukiingia kwenye makorongo laptopu inacheza mpaka skrini haisomeki. Kabla hujaongeza chuma, shika bomba linalobeba stendi pale chini kabisa ulitikise kwa mkono. Likicheza hapo, tatizo ni msingi. Sahani ya juu inayobeba laptopu iache kwanza.

Yangu nimeifunga kwenye boliti za mbele za reli ya kiti cha abiria, maana dashibodi ni plastiki tu. Boliti hizo usibadilishe kwa nyembamba, ndizo zinazoshikilia kiti ajali ikitokea. Bomba liwe fupi: kadiri linavyopanda, ndivyo mtikisiko unavyozidi. Nati tumia zenye pete ya nailoni ndani, za kawaida hulegea zenyewe njiani. Vipande vya mpira weka kwenye pembe nne za laptopu, usizibe matundu ya feni.

Kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), inavumilia mtikisiko. Na laptopu isikae kabisa mbele ya mfuko wa hewa (airbag), tafadhali!

Kiti chako cha abiria huwa kinakaliwa? Tupia picha ya pale chini tuone.