Muulize Ami Fundi: Hekalu zima litafukiwaje?

SWALI: Ami, asalaam aleikum. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu hekalu la Kihindu huko Indonesia, limekaa shimoni kama birika lililokauka. Ati lilifukiwa na majivu ya volkeno, likaonekana mtu akilima. Mimi siamini. Moto wa mlima haubakishi kitu, na jengo si sindano hata lipotee. Kweli hii?
Mama wa watatu, Kuze

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kijana hakukudanganya. Hekalu hilo ni Sambisari, karibu na Yogyakarta, kisiwani Java, chini ya Merapi, mlima wa volkeno. Lilijengwa karne ya 9 kwa ajili ya Shiva, mungu wa Wahindu. Mwaka 1966 jembe la mkulima liligonga jiwe lililochongwa. Wachimbaji wakashuka kiasi cha mita sita na nusu. Kazi ya kuyapanga mawe upya ilikwisha 1987.

Ulipokosea ni kwenye moto. Kilichofukia pale ni majivu na mchanga, ambavyo mvua huvizoa mlimani na kuvishusha mitoni vikiwa tope. Linatuama, linakauka, mlima unatapika tena, linakuja jingine. Tope hilo huingia hadi ndani ya chumba, kwa hivyo ukuta unabanwa pande zote mbili, na jiwe lililolegea halina pa kwenda mbali. Na wa kuzoa ni nani? Karne ya 10 ufalme uliotawala pale ulihamia mashariki ya kisiwa.

Mimi nimeshika mwiko wa chokaa miaka arobaini Mji wa Kale, hapa Mombasa. Siku moja twachimba shimo la choo Kibokoni, tumefika kimo cha mtu, sururu ikalia ko! Kumbe kizingiti cha matumbawe, pembe zake kali kama kimechongwa jana. Ukuta wa nyumba ile ile, ulio juu, chumvi ilikuwa imeula, ukipitisha kidole wamwagika unga. Mawe yaliyolegea majirani walishayajengea, tena mengine niliwajengea mimi mwenyewe, Mungu anisamehe. Tangu hapo sikihurumii kitu kilichofukiwa.

Na kuna hili, ambalo hukuuliza. Mwaka 2009, huko huko Yogyakarta, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Indonesia kilikuwa kikichimba msingi wa maktaba. Wakakuta hekalu jingine chini, na sanamu ya Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha ndovu, imekaa kimya ndani. Makontrakta ninaowajua mimi wangeleta lori la kifusi usiku ule ule. Chuo kilibadilisha ramani, maktaba ikajengwa kulizunguka hekalu.

Sasa mwambie kijana akutolee tena ile picha ya Sambisari. Tazama ncha ya paa, kisha tazama ukingo wa shimo: vinakaribia kulingana. Pale ukingoni ndipo jembe lilipokuwa likipita.