Shule za vipaji maalumu: kinachopimwa ni alama, si kipaji

Dada uliyeuliza maombi ya shule za vipaji maalumu, zile sekondari za serikali hapa Tanzania, yanapelekwa wapi ili mwanao wa darasa la tano apimwe: hakuna fomu ya kuomba, na hakuna mtihani wa kipaji. Mimi nafundisha hisabati madarasa ya juu katika shule ya msingi ya serikali, na jambo hili naliona kila majina yanapotoka.

Kinachotazamwa ni mtihani wa kumaliza darasa la saba. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wakishatoa matokeo, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hupanga shule kwa kufuata ufaulu. Wavulana wenye alama za juu kabisa huenda Kibaha, Mzumbe, Ilboru au Tabora Boys. Wasichana Kilakala, Msalato au Tabora Girls. Wapo wanaopangiwa shule za ufundi na za bweni za kawaida, lakini wengi huishia shule za kata, yaani sekondari za kawaida za kwenye kata zao. Kwa hiyo mtoto mwenye 45 kila somo atampita yule wa 50 za hisabati aliyeteleza Kiingereza na Uraia.

Hapo ndipo panaponiuma. Nilikuwa na binti mmoja darasani. Siku hiyo nilichora trapeza ubaoni, pande sambamba sm 12 na sm 8, kimo sm 5, nikawaambia watafute eneo kabla sijawapa kanuni. Wengi wakazidisha kila namba waliyoiona. Yeye akachana boksi la chaki, akakata trapeza mbili zinazolingana, moja akaigeuza juu chini na kuibandika ubavuni mwa mwenzake. "Mwalimu, ukiziweka hivi unapata msambamba, kitako chake 20. Eneo lake 100, kwa hiyo yetu ni 50." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa hana hata kitabu cha hisabati nyumbani.

Mtihani wa taifa haukuliona hilo. Tangu 2012 maswali mengi watoto wanayajibu kwa kutia kivuli herufi, na kwenye swali la kuchagua, aliyebuni njia yake na aliyebahatisha C wanapata alama sawa. Kiingereza kilimwangusha, akapangiwa shule ya kata. Wakati huohuo kuna shule ambako watoto wanawekwa kambi na kufanyishwa pepa za miaka iliyopita mpaka wanazijua kwa moyo. Sisemi waliochaguliwa hawana akili. Wengi wanazo, tena wanajituma sana. Nasema mlango ni mmoja tu, na hauwatoshi wote wenye akili.

Angalia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mtoto mwenye mguu wa mpira anaonekana akicheza, kuanzia shuleni, kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kila hatua kuna mwalimu amesimama pembeni mwa uwanja anamtazama. Kwenye hisabati na sayansi hatuna macho hayo. Mwalimu aliyekaa na mtoto miaka mitatu haulizwi neno, wala daftari la mtoto halifunguliwi. Ningependa TAMISEMI watenge nafasi, hata chache kwa kila wilaya, za watoto wanaopendekezwa na walimu wao kisha wakakaguliwa ana kwa ana wakifanya kazi.

Kwa mwanao, maadamu utaratibu ndio huu, msukume kwenye masomo anayoyakimbia. Analolipenda atalifanya hata usipomkumbusha. Mwombe mwalimu wake ampe maswali ya kueleza njia, yasiwe ya kuchagua peke yake, na madaftari yake usiwauzie wauza maandazi wayafanye karatasi za kufungia.

Na asipochaguliwa, msife moyo. Shule hizohizo hupokea kidato cha tano kwa matokeo ya kidato cha nne, na wanaotoka shule za kata huingia. Wakati wa kujaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na shule za kuendelea nazo, kaa naye mezani, mhakikishe tahasusi (mchanganyiko wa masomo) na shule anazoandika zinaendana na masomo anayoyamudu, maana wengi hujaza kwa kufuata mkumbo wa marafiki.