Mlio uwafikie wote kwa pamoja

Wiki hii mmetuuliza: je, mbio za mita 100 huanza kwa haki kwa wakimbiaji wote? Kwenye viwanja vikubwa, siku hizi ndiyo. Kwenye viwanja vyetu vya shule bado, na hilo linaniuma kwa sababu dawa yake haigharimu hata shilingi.

Nikiwa kidato cha pili nilikimbia mashindano ya wilaya, njia ya nane. Mwalimu aliyeanzisha alisimama hatua mbili kutoka kwa mkimbiaji wa njia ya kwanza, ameshika vibao viwili vya mbao vyenye bawaba. Niliinama, vidole kwenye chokaa, nyasi kavu zikinichoma viganja. "Tayari!" Kisha paa! Lakini kwangu ile paa ilifika imefifia, imechanganyika na vigelegele vya watu waliojipanga upande wangu. Nikasita.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Njia moja ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo kutoka katikati ya njia ya kwanza hadi katikati ya ya nane ni mita 8.54. Mlio unahitaji sekunde 0.025 kuzivuka. Kwa anayekimbia mita 10 kwa sekunde, hizo ni sentimita 25.

Nani atasema ni kidogo? Fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024: Noah Lyles sekunde 9.784, Kishane Thompson 9.789. Lyles alikuwa njia ya saba, Thompson ya nne. Ingepigwa bastola ya zamani pembeni mwa njia ya kwanza, mlio ungemfikia Lyles sekunde 0.011 baada ya Thompson, yaani mara mbili ya pengo lililompa dhahabu. Kilichomlinda ni spika zilizowekwa nyuma ya wakimbiaji, zinazolia zote papo hapo.

Na si umbali tu. Watafiti wa Kanada waliochambua mbio fupi za Olimpiki ya Athens 2004 waliona wa njia ya kwanza, walio karibu zaidi na mwanzishaji, wakichomoka mapema kuliko wenzao, na majaribio yao yakaonyesha kuwa mlio mkubwa humchomoa mtu upesi zaidi. Niliposoma hayo nilikumbuka ile paa yangu iliyofifia.

Shule haina spika nane, sawa. Basi mwanzishaji arudi nyuma mita 20, asimame kati ya njia ya nne na ya tano. Hapo tofauti ya umbali kati ya mkimbiaji wa kati na wa pembeni haifiki nusu mita. Mwalimu mwingine akae ubavuni mwa mstari na filimbi, awarudishe wanaotangulia. Wenye saa kule mwisho watazame mikono inavyofunga vibao. Wakingoja sauti, itawafikia sekunde 0.35 baadaye.

Mwaka jana tulifanya hivyo kwenye mbio za watoto wa mtaani kwetu. Tulipima kwa kamba, tukachora msalaba wa chokaa pale nyuma. Binti wa njia ya nane alinijia kuuliza mbona mwalimu kasimama mbali hivyo. Nikamweleza. Alirudi mstarini, akageuka kuutazama ule msalaba mara moja, akainama.