Kuchagua kitabu cha zamani cha sarufi ya Kiingereza kwa mtoto anayesomea nyumbani

Ukianza kumsomesha mwanao nyumbani, hasa Marekani ambako majimbo yote 50 yanaruhusu, hutakawia kusikia sifa za vitabu vya sarufi vilivyochapwa kati ya miaka ya 1870 na 1920. Sehemu kubwa ya sifa hizo ni kweli: masomo mafupi, fasili zinazoshikika, na bei ndogo kwa kuwa hakimiliki imekwisha. Ila mwandishi wa kila kitabu alikuwa na mtoto wake kichwani, mwenye umri wake, lugha aliyokulia na darasa alilokalia. Kuchagua ni kumtafuta mtoto huyo ndani ya kurasa, kisha kumpima na wako.

Fungua kwanza ukurasa wa yaliyomo, maana vitabu vya aina mbili huuzwa kwa jina moja la "sarufi". Aina ya kwanza ni masomo ya lugha: kunakili, imla, shairi la kukariri, picha ya kuzungumzia, barua fupi, herufi kubwa na nukta. Mfano wake unaopatikana kirahisi ni Primary Language Lessons cha Emma Serl, cha mwaka 1911, kilichofuatiwa na kitabu cha ngazi ya kati mwaka 1914. Aina ya pili ni sarufi yenyewe, yaani aina za maneno, kiima na kiarifu, na uchanganuzi wa sentensi. Higher Lessons in English cha Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, 1877, ni cha kundi hilo.

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 mpe aina ya kwanza, dakika 15 au 20 kwa siku, basi. Aina ya pili ingoje hadi miaka 9 au 10, mtoto akishasoma bila kukwama. Wengi hupotoshwa na neno Elementary kwenye jalada. Zamani hizo lilimaanisha kitabu cha kwanza cha sarufi, na anayekianza angeweza kuwa na miaka 11 au 12.

Ukishajua aina, soma masomo 10 ya mwanzo mfululizo, mawili ya katikati, na matano ya mwisho. Hesabu istilahi mpya katika kila somo: moja inatosha, tatu zitamlemea. Angalia kama mfano unatangulia fasili au fasili ndiyo inayotangulia. Kwa mtoto mdogo, mfano utangulie. Hesabu na sentensi za mazoezi. Zikiwa 10 hadi 20 ni sawa, nusu mkazifanya kwa mdomo na nusu kwa kalamu. Usiruke yale masomo ya katikati, kwani vitabu vingi vya enzi hiyo huanza kwa upole na kupanda ghafla kuanzia hapo, na ndipo wazazi wengi huvitupa wakidhani mtoto ni mzito.

Kilio kingine cha wanaovianza vitabu hivi ni kwamba hakuna majibu nyuma ya kitabu. Sababu yake ni darasa lenyewe. Shule nyingi za vijijini Marekani zilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja na watoto wa umri mchanganyiko. Somo liliulizwa na kujibiwa kwa sauti, maandishi yakiwa kwenye kibao cha kufutika. Mwalimu ndiye aliyekuwa majibu. Kwa hiyo leo mwalimu ni wewe: fanya mazoezi ya wiki ijayo kwa penseli kabla mtoto hajayaona. Ukikwama kwenye sentensi zaidi ya 2 katika kila 10, kitabu hicho kisome wewe kwanza, mtoto asubiri. Si aibu.

Vitabu vya Reed na Kellogg vinapendwa kwa michoro ya sentensi, nayo kweli inafaa, mradi uijue kwa undani. Chukua The hungry goat ate our maize. Chora mstari mmoja mlalo. Juu yake andika goat kushoto, ate katikati, maize kulia. Kati ya goat na ate piga mstari wima unaoukata mlalo na kushuka chini yake; hapo kiima kimetengana na kiarifu. Kati ya ate na maize piga wima unaoishia kwenye mlalo bila kuvuka. The na hungry ziandike kwenye mistari ya mshazari inayoning'inia chini ya goat, na our chini ya maize. Sasa chukua The goat is hungry. Baina ya is na hungry mstari hausimami wima, unalalia upande wa kiima, kwa sababu hungry inamwelezea mbuzi yuleyule.

Mtoto atakosea kwa njia mbili. Atavusha mistari yote miwili ya wima, au atajaza maneno kwa mpangilio yalivyofuatana bila kufikiri. Dawa ni kuuliza kabla ya kuchora: nani? amefanya nini? amekula nini? Akijibu yote matatu kwa mdomo, ndipo ashike kalamu. Siku za mwanzo sentensi 3 zinatosha.

Sasa kuna jambo ambalo wasifiaji wa vitabu hivi hawaligusi, na kwa nyumba inayoongea Kiswahili ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto aliyekuwa kichwani mwa mwandishi alizaliwa ndani ya Kiingereza. Makosa yanayosahihishwa ni ya kwake: kusema I seen badala ya I saw, kuchanganya lie na lay, kutumia ain't. Mwanao huenda hana hata moja kati ya hayo. Yeye ataacha a na the kwa kuwa Kiswahili hakina vitu hivyo; atamwita shangazi he kwa kuwa "yeye" haibagui; atababaika baina ya in, on na at kwa kuwa kwetu "mezani" na "nyumbani" vimemalizwa na -ni moja. Kitabu kitagusa the kwa mistari michache na kusonga mbele, kikiamini mtoto anaisikia tangu utotoni. Hivyo kila wiki tenga somo moja la ziada: chukua aya ya kitabu hichohicho, iandike upya bila a, an wala the, umwachie mtoto nafasi azijaze, kisha mlinganishe na aya ya asili.

Jiandae pia kwa Kiingereza kilichochakaa. Utakuta to-day na to-morrow zenye kistari, thou na thee ndani ya majedwali ya vitenzi, na kanuni kwamba wakati ujao wa I ni shall na wa he ni will. Mtoto azitambue tu anapozisoma, asizitumie kuandika. Istilahi nazo hupishana. Vitabu vingine huhesabu aina 9 za maneno kwa kuipa a na the kundi lake, vingine 8. Na kile kinachoitwa attribute complement na Reed na Kellogg, kama hungry katika The goat is hungry, vitabu vya sasa hukiita predicate adjective kikiwa kivumishi. Chagua seti moja ya majina, uibandike ukutani, usiibadilishe mwaka mzima.

Vifungu vya kusoma na mashairi yapitie yote wewe mwenyewe kabla ya kukabidhi kitabu. Humo kuna maneno ya dharau juu ya Waafrika, Wahindi Wekundu na wengine, wakati mwingine ndani ya sentensi ya mazoezi isiyo na habari yoyote. Sentensi moja mbaya hubadilishwa kwa kalamu. Kitabu kilichojengwa juu ya hadithi za namna hiyo kiache dukani.

Kuhusu nakala yenyewe, kitabu kilichochapwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita hakimilikiwi tena na mtu huko, nawe unaweza kukipakua bure kwenye maktaba za mtandaoni za Project Gutenberg au Internet Archive. Nchi nyingine huhesabu tangu kifo cha mwandishi, kwa hiyo angalia sheria ya ulipo. Uwe macho na chapa za bei rahisi zinazotengenezwa kwa oda. Nyingine ni maandishi yaliyosomwa na mashine bila mtu kuyapitia: rn imegeuka m, majedwali yamevunjika, picha ya somo haipo lakini maswali yake yapo. Kabla ya kulipa, linganisha idadi ya kurasa na namba ya somo la mwisho na nakala iliyopigwa picha mtandaoni.

Kitabu chenyewe cha kale ni kizuri kwa rafu yako, si kwa mikono ya mtoto wa miaka 6. Karatasi za massa ya miti za karne ya 19 zina tindikali; zimegeuka kahawia na pembe hukatika ukizikunja. Harufu ya kuvu ni sababu tosha ya kukirudisha. Kitambaa cha kijani kibichi kinachong'aa, hasa cha katikati ya karne hiyo, kinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu; jumba la makumbusho la Winterthur, Delaware, limekuwa likivichunguza vitabu hivyo tangu 2019. Mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe kabisa vitabu vya rangi vya kabla ya 1985, kwani wino wake unaweza kuwa na madini ya risasi.

Kabla ya kununua chochote, chapa kurasa 20 za mwanzo, herufi zikuzwe hadi pointi 14, na uzitumie kwa wiki mbili. Mkifika ukurasa wa 20 mtoto akiweza kukueleza somo la tano bila kufungua karatasi, agiza kitabu kizima.