Sanda Imo Kabatini, Wewe Wamtafuta Mchawi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Kisauni, watoto wawili. Mume wangu ana 61 na haumwi popote. Tangu arudi Umra amebadilika. Amekuja na sanda iliyochovywa maji ya zamzam, akaiweka kabatini chini ya kanzu zake. Ameandika daftari la wasia, na tukikaa kula ni "nikifa hivi, nikifa vile". Ataka azikwe makaburini Kikowani, hapa Mombasa, asipelekwe kwao Lamu, na matangani kwake kusipikwe pilau. Naona ajiombea kifo, au kuna mtu kamchezea. Sanda nimeitoa, iko kwa jirani. Sasa ufunguo wa kabati kampa dada yake! Mamake alipofariki mwaka jana mimi ndiye niliyesimamia kila kitu, hata deni la chama bado lalipwa. Haya ndiyo malipo yangu? Na je, mke ana haki gani katika nyumba?*
*Mwenye Hofu, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kulala chumba kimoja na sanda ya mwenzio si mzaha, na mtu akitaja kaburi katikati ya chakula, tonge hukwama. Hilo nalielewa. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jini sikumwona, mchawi sikumwona. Nimeona deni. Umelipitisha mbio, kama mtu apitaye mlango wa anayemdai: "bado lalipwa". Lalipwa na nani? Ungekuwa ni wewe ulipaye ungeniandikia kurasa mbili. Alipaye ni huyo mume, na kila mwezi akitoa pesa akumbuka masinia yaliyopikwa mamake angali mbichi kaburini, tenti, viti, madera ya sare ya wenzako wa chama. Alikwambia usikope? Naamini alikwambia. Ndiyo maana safari hii kaandika. Mtu asiyesikizwa kwa mdomo huandika, na akiogopa hata andiko litafichwa, ufunguo humpa dada yake. Na hakukosea, maana sanda iko wapi sasa? Kwa jirani! Umemtolea mumeo sanda nje ya nyumba, kisha waniuliza kwa nini wifi ameaminiwa kuliko wewe.

Eti ajiombea kifo. Mtume amesema Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Mumeo ana miaka 61, amechelewa. Na zamzam hiyo, wazee wetu wangapi wamerudi Makka na sanda zao, wakaziweka sandukuni miaka thelathini, wakazika wao wale waliowacheka?

Tena la Lamu. Wakenya wa rika langu hatujasahau kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake akataka kumzika Ngong, ukoo wakataka Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa miezi mitano, mahakama hadi rufani, na Mei 1987 ukoo wakamchukua. Yaliyosemwa kortini juu ya alikotaka kuzikwa yalikuwa ni maneno ya mdomo, andiko halikuwapo. Sisi maiti yetu hatuilazi, twazika siku hiyo hiyo, lakini maneno hulala, tena hulala miaka. Mumeo amekukinga na ndugu zake siku ambayo hutakuwa na nguvu ya kujibu mtu. Wewe ulisoma hapo ukaona uchawi.

Ama pilau. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, Mtume aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na linalowashughulisha. Jirani ndiye apikaye. Sisi Mombasa tumegeuza, mfiwa apika na jirani aja na kijaluba cha kubebea! Mwaka 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa ajili ya korona, tulizika kwa watu wachache na hitima zikasomwa majumbani. Sijasikia maiti aliyerudi kudai sinia lake.

Tena si nyinyi peke yenu, siku hizi ndoa nyingi ni za namna hii. Mke ajua namba ya siri ya simu ya mumewe, hajui mumewe adaiwa na nani. Mume ajua mkewe apenda rangi gani ya pazia, hajui ataka aoshwe na nani. Harusi hupangwa miezi sita, na ndoa yenyewe huenda isifike mwaka. Kifo, ambacho hakikosi, mwiko kukitaja. Siku ikifika, mtu atoa simu kumpiga maiti picha kabla hajafungwa macho. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wasia nao ni hivyo hivyo.

Umeuliza nyumba, tena mwisho kabisa, kama swali la kusindikizia. Ikiwa ni yake, kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni, sehemu moja kwa nane. Mkizozana, mahakama ya Kadhi ipo. Na pilau haimo katika gharama za mazishi. Ukiipika kwa mali ya marehemu wapika haki ya warithi, nawe ukiwemo. Huyo mzee alikuwa akulindia thumuni yako.

Najua pia ambalo hukuliandika. Waogopa kukaa eda miezi minne na siku kumi katika nyumba isiyokuwa na sauti yake. Mwambie hilo, kwa maneno hayo hayo. Pengine miaka yote hii hajawahi kulisikia kwako.

Sanda irudi kabla ya Ijumaa, uibebe mwenyewe, usimtume mtoto. Kaa naye mlisome daftari, kisha umwombe ukurasa wako uandike nani akuoshe. Sanda yetu wanawake ni vipande vitano, mwambie akununulie. Ufunguo usimdai wifi. Ngoja upewe.